Ngazi Kumi na Sita

Ningesema "Hajakuja" siku ile, mambo yangeishia hapo. Nilisema "Amekuja." Ilikuwa saa kumi na moja jioni, wakili ameketi koti likiwa tayari begani, rundo la hati mbele yake, kalamu mkononi. Aliinua moja, akasoma jina, akaniuliza kama alivyoniuliza kila jioni, "Huyu umemwona?" Mwanamke aliyetajwa kwenye hati ile sikuwa nimemwona. Nilikuwa nimeona alama ya kidole gumba tu, doa jeusi la wino mwingi chini ya karatasi, pamoja na mzee wa kanisa aliyeileta. "Amekuja," nikasema. Wakili akatia sahihi, nami nikagonga muhuri. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyenipa kitu, hata soda. Watu waliosikia habari hii baadaye walidhani nilihongwa, na kwa miaka mingi nimewaacha wadhani hivyo, kwa sababu ukweli una aibu kubwa zaidi. Yule mzee alikuwa ameniita "wakili mdogo", nami nikapenda jinsi lilivyosikika.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mama Daudi. Otieno, fundi wa saa, ndiye aliyenipigia simu. Katika watu waliokuwa wakila pamoja mezani mwa mama yule, tumebaki sisi wawili, na tulikuwa hatujaongea kwa muda mrefu hata sauti yake sikuitambua mara moja. "Samueli," akasema, "mathe ametuacha. Utakuja ama utajificha tena?" Nikasema nitakuja. Kisha akasema, "Vaa koti. Nakuru kuna baridi siku hizi," kana kwamba mimi ni mgeni wa mji ule. Habari za wazazi wangu na nilikozaliwa sitaziandika hapa, hazina kosa lolote. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa karani wa wakili.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na cheti cha kidato cha nne. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na ili kuifikia ulipanda ngazi kumi na sita za saruji kutoka uani. Naijua idadi yake kwa kuwa nilizifagia kila asubuhi. Kulikuwa na vyumba viwili. Cha nje kilikuwa na meza yangu, taipureta iliyokwama kwenye herufi moja, na benchi ndefu ya wateja iliyong'arishwa na makalio ya watu wa Subukia, Molo, Keringet na kwingineko. Cha ndani kilikuwa cha wakili, Bwana Mosoti, mtu mnene, mpole, anayenukia tumbaku. Ukutani nyuma ya kiti chake palikuwa na vyeti vitatu, na cha katikati kilisema kwamba yeye ni notari wa umma, mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati. Nilikuwa nikikisoma kila nilipompelekea chai. Dirisha lilipofunguliwa tulisikia garimoshi likipanga mabehewa, na upepo ukitoka ziwani ulileta vumbi la magadi ambalo nililifuta mezani mara mbili kwa siku.

Miezi ya kwanza Bwana Mosoti alinifundisha kazi, na alinifundisha vizuri. Lazima niseme hivyo, nisije nikamtwika kosa langu. Hati ya kiapo, ile ambayo kila mtu aliiita afidaviti, ilikuwa na taratibu zake. Usiache nafasi tupu ambamo mtu anaweza kuongeza neno. Ukikata neno, mwenye kuapa na wakili wote waweke herufi za majina yao kando. Kila karatasi iliyoambatishwa ipewe herufi yake na muhuri wake, isije ikabadilishwa na nyingine huko mbele. Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, na iandikwe chini kwamba alisomewa akaelewa. Hati za kwenda ng'ambo zilikuwa na heshima zaidi: kwa hizo alitoa sandukuni chombo kizito cha chuma, akakibana kwenye karatasi, na chapa ikainuka yenyewe bila wino, ukaweza kuisoma kwa kidole. Mara moja aliniruhusu nikibane. Nilikwenda nyumbani nikijisikia mrefu.

Lakini la kwanza kuliko yote lilikuwa kwamba mtu aje mwenyewe. Bwana Mosoti alimsimamisha, akamtazama usoni, akatazama kitambulisho, akamtazama tena. Kisha akauliza maswali matatu, kila mara kwa utaratibu uleule. "Wewe ndiye uliyetajwa humu? Umesoma, ama umesomewa, ukaelewa? Unaapa kwamba yaliyomo ni kweli?" Wazee walivua kofia. Nakumbuka bibi mmoja aliyejibu swali la tatu kwa kulia, na hati yenyewe ilikuwa ya ng'ombe aliyepotea. Nilimwuliza wakili siku moja kwa nini anawapandisha ngazi watu wagonjwa wakati hati ziko wazi. Akasema, "Karatasi haina uso, Samueli. Mimi kazi yangu ni uso."

Baadaye mwaka ule kesi zikawa nyingi na benchi ikajaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Wakili akawa anashinda kortini. Pole pole kazi ya nyuso ikahamia kwangu. Mimi niliwaangalia watu, nikauliza yale maswali matatu, na jioni yeye akatia sahihi rundo zima, akiuliza kwa kila hati, "Huyu umemwona?" Haikuwa sawa kisheria, na sote tulijua. Kila ofisi ya mtaa ule ilikuwa ikifanya hivyo. Nami sikujiona karani tena. Nilijiona nusu wakili.

Chakula nilikula chini, kwa Mama Daudi. Hoteli yake ilikuwa uani, mlango mkabala na ngazi zetu: meza tatu, benchi, jiko la makaa, na kalenda ya miaka mitatu iliyopita ambayo alisema picha yake bado ni nzuri. Jumatatu ilikuwa githeri, Jumanne matumbo, Ijumaa chapati na maharagwe, na siku zote chai ya maziwa mazito iliyotiwa tangawizi. Otieno alikuwa na kibanda chake cha saa mlangoni, na alikula mezani pangu. Babake alikuwa mtu wa reli, naye alizaliwa Nakuru, akazungumza kana kwamba mji ni wake.

"Mama Daudi, huyu wakili wako ameongezewa nyama," alisema siku moja akichungulia sahani yangu.

"Huyo anafanya kazi ya kichwa."

"Na mimi? Saa ni ya miguu?"

"Wewe saa ya ile kanisa umekaa nayo tangu Pasaka. Kula kwa adabu."

Alicheka kwa tumbo lote, mama yule, mkono ukiwa kiunoni kwa sababu ya goti lililomsumbua. Mume wake alikuwa amefariki, na Daudi, mtoto wao wa pekee, alifariki akiwa mdogo, lakini jina lilimkalia mama. Hakuna aliyemwita vingine. Mimi aliniita mwanangu. Kila nilipoingia, hata kabla sijaketi, aliuliza, "Umekula?" ilhali alijua kwamba nakula kwake tu.

Alipenda kutuambia habari za shamba. Ekari tatu, huko Subukia, za marehemu mumewe, zinateremka hadi mtoni, kahawa upande wa juu na mahindi upande wa chini. Kwa sasa lililimwa na shemeji yake. "Hapa Nakuru mimi napita tu," alisema. "Goti likikataa kabisa, nafunga hii hoteli narudi kwangu. Najenga nyumba, dirisha linatazama bonde. Na wewe Samueli chumba chako kiko, cha kuja kula Krismasi na bibi yako, ukipata atakayekukubali." Otieno akauliza cha kwake kiko wapi. "Wewe utalala na ng'ombe, uwaambie saa." Tulicheka. Ule uji wa ulezi tuliokuwa tukinywa, nausikia mdomoni ninapoandika.

Yule mzee wa kanisa aliitwa Zakayo. Alikuja siku ya mvua, akiwa amevaa suti ya kahawia na buti za matope, na alikuwa mtu ambaye Bwana Mosoti alimjua, maana aliwaleta wateja wengi kutoka kwao. Akaweka hati mezani pangu. Ilikuwa imechapwa kwa Kiingereza na ilisema kwamba Priska Wangeci, mjane, wa Subukia, kwa hiari yake ameacha dai lote juu ya shamba la marehemu mumewe, na kwamba liandikwe jina la ndugu ya mume. Chini palikuwa pameshawekwa kidole gumba.

"Mama mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko kwa watu wake, Keringet. Miguu imemwisha. Utambebesha nani akuje hapa na hii mvua?"

"Lazima wakili amwone, mzee."

Akatazama mlango wa ndani uliofungwa, akatazama benchi iliyojaa, kisha akanitazama mimi, akatabasamu. "Wakili yupi? Si ni wewe nimekuona ukifanya kazi hapa? Nikienda kule nyumbani nawaambia, kuna wakili mdogo pale, siku moja mtapanga foleni kwake. Wakili mdogo, nisaidie."

Nilikitazama kile kidole. Kilikuwa doa tu, wino umejaa hadi mistari ya ngozi haionekani. Nilijua jinsi alama inavyopaswa kuwa, maana nilikuwa nimezichukua mamia: unapaka kidogo, unaviringisha mara moja, unainua. Ilinipasa nimrudishe. Nikaiweka hati rundoni. Saa saba nikateremka kula, nikakuta matumbo, na Mama Daudi akaniongezea mchuzi. Jioni wakili akaniuliza, nami nikasema nilichosema.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja ya Ijumaa, nikiwa mezani na Otieno, Mama Daudi alitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, akanipa bahasha. Alijua kusoma Kiswahili na kuandika jina lake, lakini Kiingereza hakukijua. "Mwanangu, nisomee hii. Shemeji ametuma mtu, ati nisikanyage shamba tena. Nimemwambia huyo mtu amelewa."

Nikafungua. Nikaona muhuri wetu kabla ya kitu kingine chochote. Nikaona tarehe niliyoijaza kwa mkono wangu. Nikasoma jina, na bado sikuelewa, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Nikamwuliza, "Huyu Priska Wangeci ni nani?"

"Ni mimi! Ama ulidhani nilizaliwa nikiitwa Mama Daudi?"

Hoteli nzima ikacheka. Otieno akapiga meza. "Wakili gani huyu! Anakula kwa mtu mwaka mzima na jina hajui!" Nami nilikuwa nimeishika ile karatasi, na chapati ilikuwa bado mdomoni. Tangu nilipofika mjini nilimwona kila siku ya Mungu. Kitambulisho chake sikuwahi kukiona. Siku niliyosema amekuja, alikuwa jikoni kwake, ngazi kumi na sita chini ya kiti changu. Ningesimama tu kwenye mlango nikaita jina lile kwa sauti, kama nilivyowaita wengine wote, angeitika.

"Na hiki ni kidole cha nani?" akauliza akiinama begani kwangu. "Mimi naandika jina langu. Mbona niweke kidole?" Kicheko kikaisha. "Samueli. Inasema nini?"

"Ngoja nimwulize wakili," nikasema.

Bwana Mosoti aliisoma akiwa amesimama. Akaniambia nifunge mlango. "Ulisema amekuja," akasema.

"Nilisema, mzee."

"Basi amekuja." Aliketi, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu anayeogopa. "Ukisema hakuja, cheti changu kinashushwa ukutani, na wewe unaenda ndani. Ukisema alikuja, ni neno la mama mmoja na neno letu." Akageuza kiti, akatazama vile vyeti. "Nilikuwa nimekuandikia barua, usomee sheria. Iko hapa kwa droo. Mimi sina mtoto anayetaka kazi hii, Samueli."

Ningeweza kuteremka. Naandika neno hilo na naona uwazi wake: ningeteremka, nikasema mbele ya Otieno na wale wote, "Mama, ni mimi." Hakukuwa na kufuli mlangoni. Badala yake nilichapa hati ya kiapo yangu mwenyewe, kwenye taipureta ileile, nikirukia ile herufi iliyokwama na kuijaza kwa kalamu. Ilisema kwamba siku fulani, mjane aliyetajwa alifika mbele yangu, nikamtambua, akasomewa, akaelewa, akaweka kidole.

Kwa kuwa wakili hawezi kumwapisha karani wake kwa jambo la ofisi yake mwenyewe, nilivuka barabara nikaenda kwa wakili mwingine, mama mmoja mwenye miwani minene na sauti ya mwalimu. Alikuwa na watu wengi kama sisi. Lakini aliniita ndani, mimi mwenyewe. "Simama," akasema. Akatazama kitambulisho changu, akanitazama. Akanipa Biblia mkononi. "Wewe ndiye uliyetajwa humu?" Nikasema ndiyo. "Umesoma ukaelewa?" Nikasema ndiyo. Kisha akavua miwani. "Unaapa kwamba yaliyomo ni kweli?" Nikaitazama ile Biblia. Hakunisukuma. Alingoja, kalamu ikiwa hewani, na nje nilisikia garimoshi likigonganisha mabehewa. "Nikupatie maji?" akauliza. Nikasema, "Naapa." Akasahihisha kosa dogo la tarehe, tukaweka wote wawili herufi za majina yetu kando, akagonga muhuri pembeni mwa kila karatasi. Hati ile ilifanywa sawasawa kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Ilikuwa uongo mtupu.

Mama Daudi alimshtaki shemeji yake, na mtaalamu wa alama za vidole akaiambia korti kwamba doa lile halisomeki. Kwa hiyo kesi yote ikabaki kwenye uso, kama vile Bwana Mosoti alivyonifundisha: je, karani alimwona au hakumwona? Mama Daudi alikuja amevaa gauni la kijani la kanisani, akiegemea fimbo. Alipopewa nafasi hakunitukana. Alimwambia hakimu, "Huyu kijana anakula kwangu kila siku. Tangu aje mjini amekula kwangu. Mwulizeni kama nimewahi kupanda kwao hata siku moja. Yeye atasema ukweli." Wakili wa shemeji akainuka taratibu na kusema kwamba mama amewasaidia wote, maana mtu anayekuona kila siku mezani hawezi kukufananisha na mwingine. Hakimu akaandika. Kisha akaniuliza kama ninathibitisha hati yangu. Nikathibitisha. Nilikuwa nikitazama buti za Zakayo, aliyeketi nyuma ya shemeji. Siku ile alikuwa amezisafisha.

Shamba likaenda. Kwenye ukumbi wa korti nilijaribu kupita haraka, lakini Mama Daudi alikuwa amesimama karibu na mlango, Otieno amemshika mkono. Aliponiona, mdomo wake ulifunguka wenyewe kwa mazoea. "Umekula?" akauliza. Nikasema bado. Akanitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. "Basi tafuta mahali pengine," akasema.

Barua ya Bwana Mosoti niliipata kweli. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Pamoja nayo kulikuwa na fomu, na katika ukurasa wa mwisho wa fomu palitakiwa niape mbele ya kamishna wa viapo kwamba mimi ni mtu mwaminifu, sijawahi kusema uongo kortini. Nilipanda ngazi za ofisi tatu tofauti siku ile, na kila mara nikarudi kutoka kwenye benchi kabla ya kuitwa. Mwisho wa mwaka niliacha kazi. Nikaenda Naivasha, nikawa karani wa ghala kwenye shamba la maua, nikapanga nyumba Kihoto ambako ziwa lilituingilia vyumbani zaidi ya mara moja, na huko ndiko nilikozeekea. Bwana Mosoti alifariki na vyeti vyake vikiwa ukutani.

Juzi nilihitaji afidaviti kwa sababu jina langu liliandikwa vibaya kwenye karatasi za bima. Binti wa saiba, lile duka la kompyuta, aliniambia, "Mzee, si lazima umwone wakili. Nitumie picha ya kitambulisho tu, muhuri tuko nao hapa." Alikuwa na haraka na alikuwa na adabu, na sioni kwamba ni mtu mbaya. Nilimwambia nitamtafuta wakili. Akanicheka kidogo. Nilipanda orofa nne na magoti haya, nikangoja saa mbili, na wakili alipofika akatia sahihi bila kuinua macho.

Mama Daudi tulimzika kwenye makaburi ya manispaa, kule Nakuru, kati ya watu asiowajua. Aliendesha hoteli yake mpaka goti lilipokataa kabisa, kisha akaishi chumba kimoja mtaa wa Bondeni, na akina mama wa kanisa ndio waliomtunza. Kwenye karatasi ya ibada, chini ya picha yake, palichapwa Priska Wangeci, na nilisikia watu nyuma yangu wakiulizana huyo ni nani. Otieno, mzee sasa na macho yamemwishia kwa saa ndogondogo, alisimama kando yangu bila kunisalimia. Mchungaji alipofika kwenye kutupa udongo aliuliza kama yupo mtoto wa marehemu atangulie. Otieno akanigeukia. Nilijua anachongoja, na miguu yangu haikusogea, kwa kuwa haki hiyo niliiacha mimi mwenyewe kwenye ofisi ya ng'ambo ya barabara. Mwishowe mwanamke mmoja wa kwaya akainama akachukua udongo.

Sikuwa wakili, wala notari, na hilo nimelizoea. Yeye alipoteza shamba la mumewe na mahali pa kulala milele kando yake, na hilo ni langu kulibeba. Mimi nilipoteza mama. Aliishi miaka yote ile katika mji uleule, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu, na tangu siku ile ya korti hakuniuliza tena kama nimekula.